Kutu haili chuma kwa siku moja: Namna ya kulinda vyombo na zana za pwani

Mkazi yeyote wa mwambao, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam na Mtwara, anaifahamu kazi ya kutu. Panga lililotoka dukani likiwa linang'aa huota madoa mekundu kabla ya juma kwisha, kufuli la geti hugoma kufunguka, na koleo la fundi hukakamaa lisiweze kufumbuka. Mashua iliyoonekana imara ikiwa imeegeshwa ufukweni huanza kuvuja ikiwa katikati ya maji.

Wengi huhitimisha kwamba bidhaa za siku hizi ni duni, au kwamba pwani ndivyo ilivyo na hakuna la kufanya. Dhana zote mbili zina chembe ya ukweli, lakini zinapotosha. Kutu ina sababu zinazojulikana, na sehemu kubwa ya hasara yake inazuilika kwa vitu vya kawaida kabisa: maji yasiyo na chumvi, kitambaa kikavu, mafuta, rangi na kipande cha zinki.

Utafiti wa kimataifa uliotolewa mwaka 2016 na NACE, chama cha wataalamu wa kuzuia kutu, ulikadiria kwamba kulika kwa metali kuliigharimu dunia dola za Marekani trilioni 2.5 katika mwaka 2013. Kiasi hicho kilikuwa sawa na asilimia 3.4 ya pato la dunia nzima. Utafiti huohuo ulieleza kwamba kati ya asilimia 15 na 35 ya gharama hiyo ingeweza kuokolewa kwa kutumia mbinu ambazo tayari zinafahamika.

Kwa mvuvi wa mwambao, hesabu si ya matrilioni. Ni hesabu ya misumari inayoshikilia mbao za chombo chake, ya mnyororo wa nanga wakati upepo wa kusi unapovuma, na ya injini ambayo isipowaka chombo hubaki kikichukuliwa na mkondo. Hapo kutu huacha kuwa suala la usafi wa zana na kuwa suala la uhai.

Kutu ni nini hasa?

Kutu ni zao la vitu vitatu kukutana: chuma, oksijeni na maji. Kimoja kikikosekana, kutu haitokei. Msumari uliozamishwa ndani ya mafuta haushiki kutu kwa sababu hewa na maji haviufikii. Vilevile, vyuma vilivyoachwa katika nchi kame hudumu kwa miaka mingi, ingawa hewa ipo tele, kwa sababu unyevu haupo.

Kinachofanyika katika tone la maji lililotua juu ya chuma ni aina ya umeme. Sehemu moja ya chuma hutoa elektroni na kuyeyuka polepole, na sehemu nyingine huzipokea kwa msaada wa oksijeni iliyomo majini. Ni kazi inayofanana na ile ya betri ya kawaida ya tochi, ambayo gamba lake la zinki huliwa taratibu huku likizalisha umeme. Ndiyo maana betri ya namna hiyo, ikisahauliwa ndani ya tochi kwa miezi mingi, hutoboka na kuvuja.

Maji yasiyo na chumvi hupitisha umeme kwa shida. Maji ya bahari, ambayo kwa wastani yana gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja, huupitisha kwa wepesi, na hivyo chuma huliwa haraka zaidi. Aidha, kloridi iliyomo ndani ya chumvi hutoboa utando mwembamba ambao metali nyingi hujitengenezea kama kinga.

Chumvi ina tabia nyingine ambayo watumiaji wengi wa zana huisahau, ingawa kila mpishi wa pwani anaijua kwa kuiona ikilowa ndani ya kopo: hunyonya maji kutoka hewani. Chumvi safi ya mezani huanza kulowa yenyewe unyevu wa hewani unapofikia takriban asilimia 75. Chumvi ya bahari, kwa sababu ya magnesi iliyomo, hulowa hata kabla ya hapo. Katika miji ya mwambao unyevu huo hupita kiwango hicho mara nyingi, hasa usiku na alfajiri.

Maana yake ni kwamba kifaa kilichorushiwa matone ya bahari, kisha kikakaushwa juani, hakijakauka kwa kweli. Jua likizama, utando wa chumvi hurudi kuwa maji, na kutu huendelea na kazi yake wakati mwenye kifaa amelala. Hata asiyekwenda baharini hasalimiki, kwa kuwa upepo hubeba chembe za chumvi hadi majumbani, na jasho la kiganja cha fundi nalo lina chumvi.

Jambo jingine la kushangaza ni kwamba chuma kinachozama muda wote si ndicho kinachoharibika zaidi. Sehemu inayoumia kuliko zote ni ile inayolowa na kukauka kwa zamu, yaani usawa wa maji na juu yake kidogo, ambako mawimbi hurusha matone. Hapo maji, chumvi na hewa hukutana bila kupungukiwa na kimoja. Katika mashua, eneo hilo hukaguliwa kwanza, pamoja na ngama, ambamo maji machafu ya chumvi hutuama bila kuonekana.

Somo la shaba na karatasi

Kuchanganya metali za aina mbalimbali katika chombo kimoja ni kosa ambalo limewagharimu mabaharia kwa karne kadhaa. Metali mbili zinapogusana ndani ya maji ya chumvi, ile iliyo dhaifu zaidi huliwa kwa kasi huku ikiihifadhi nyingine. Kati ya zinazotumika sana, zinki ndiyo dhaifu zaidi, ikifuatiwa na alumini, kisha chuma. Shaba ina nguvu zaidi ya hizo zote.

Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliifunika manowari yake HMS Alarm kwa mabati ya shaba ili kuikinga na wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Ilipokaguliwa mwaka 1763, mbao zilikuwa salama, lakini misumari mingi ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imeliwa. Wakaguzi waligundua jambo moja la ajabu: baadhi ya misumari ilikuwa bado mizima. Sababu ilikuwa karatasi ya kaki iliyotumika kufungia mabati hayo, ambayo katika sehemu fulani haikubanduliwa ikabaki kati ya chuma na shaba na kuvitenga.

Mwaka 1824 mwanasayansi Humphry Davy, pia wa Uingereza, aliigeuza hasara hiyo kuwa dawa. Alionyesha kwamba ukifunga vipande vya zinki au chuma kwenye shaba ya meli, vipande hivyo huliwa vyenyewe na shaba hubaki salama. Hata hivyo, shaba iliyohifadhiwa namna hiyo haikuyeyusha tena ile sumu yake kidogo inayofukuza viumbe vya baharini, na meli za majaribio ziliota makombe na majani. Mbinu hiyo ilikuja kupata nafasi yake kwenye chuma, na hadi leo meli za chuma na injini za boti hufungwa vipande vya zinki kwa kusudi hilohilo.

Mwaka 1837 Stanislas Sorel wa Ufaransa alipata hati ya haki ya ubunifu kwa njia ya kuchovya chuma ndani ya zinki iliyoyeyushwa. Mabati yanayoezekea nyumba nyingi za Afrika Mashariki na misumari ya rangi ya kijivu inayotumika katika majahazi ni matunda ya ugunduzi huo. Zinki hapo hufanya kazi mbili: huziba chuma kisiguswe na maji, na inapokwaruzwa hukubali kuliwa kwanza.

Hekima ya mwambao

Wajenzi wa kale wa mwambao walilikwepa tatizo la kutu kwa namna yao. Mtepe, chombo mashuhuri cha Waswahili, hasa wa upande wa Lamu, ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi pasipo msumari wa chuma. Periplus, kitabu cha mwongozo wa mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, kinataja vyombo vya kushonwa katika pwani hii. Kamba nazo zilikuwa na gharama yake, kwani zilichakaa na kuhitaji kushonwa upya, lakini hazikushika kutu.

Misumari ilipochukua nafasi ya kamba, mafundi walibuni kinga nyingine. Kalafati huziba nafasi kati ya mbao, mafuta ya sifa yanayotokana na maini ya papa hupakwa juu ya mbao, na deheni hupakwa sehemu ya chini inayozama. Wengi huzitazama kazi hizo kama za kuhifadhi mbao tu. Ukweli ni kwamba maji yasipopenya kwenye mbao, hayaufikii msumari.

Ushahidi mwingine wa nguvu ya mafuta uko mbali na bahari, katika Ziwa Tanganyika. Meli ya Kijerumani Graf von Goetzen, iliyozinduliwa Kigoma mwaka 1915, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916 ili isitekwe. Kabla ya kuizamisha, wahandisi waliipaka injini yake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarejea kazini kwa jina la MV Liemba. Maji ya ziwa, yasiyo na chumvi ya bahari, yalisaidia. Grisi ilifanya sehemu iliyobaki.

Kulinda chombo

Katika chombo cha mbao, hatari kubwa imo ndani ya mbao. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo msumari unaoliwa huvimba na kupasua mbao inayouzunguka. Mbao hugeuka nyeusi na kulegea, na msumari hubaki ukining'inia ndani ya tundu pana. Kutoka nje huonekana doa jeusi au mchirizi wa kahawia chini ya kichwa cha msumari. Mchirizi huo usifunikwe kwa rangi, kwani ndio onyo la kwanza. Ubao ambao misumari yake imeliwa unaweza kung'oka wakati wa mawimbi bila kutoa ishara nyingine.

Ni vyema misumari ya chombo iwe imechovywa katika zinki iliyoyeyushwa. Misumari ya aina hiyo huwa ya kijivu iliyofifia na yenye mparuzo kidogo. Ile inayometameta sana dukani mara nyingi imepakwa zinki kwa umeme, na utando wake ni mwembamba mara kadhaa. Kichwa cha msumari huzamishwa ndani ya ubao na kuzibwa. Misumari ya shaba na ya chuma isitumike kwa pamoja katika sehemu moja.

Chuma kisichoshika kutu, ambacho wengi hukiamini bila masharti, nacho kina mipaka. Kinga yake hutokana na kromi, isiyopungua asilimia 10.5, inayojenga utando juu ya uso wake, na utando huo huhitaji oksijeni ili ujirekebishe. Bolti iliyozama ndani ya mbao zenye maji, au chini ya tope na matambara yaliyolowa, hukosa hewa na kutobokatoboka kwa siri. Kwa matumizi ya baharini, aina inayoitwa 316, yenye molibdeni, huhimili chumvi kuliko aina ya 304. Kwa macho zinafanana, na sumaku haiwezi kuzitofautisha, hivyo mnunuzi hana budi kuuliza na kununua mahali panapoaminika.

Injini ya boti inayofungwa nyuma ya chombo hupozwa kwa maji ya bahari, na chumvi hubaki katika mifereji yake ya ndani. Baada ya safari inafaa iendeshwe kwa dakika kadhaa ikinyonya maji yasiyo na chumvi kutoka kwenye bomba au pipa, kisha iachwe wima hadi maji yote yatoke. Chombo kinapoegeshwa, mguu wa injini uinuliwe kutoka majini. Mhimili wa pangaboi hupakwa grisi, na bolti za chuma kisichoshika kutu zinazoingia kwenye alumini hupakwa grisi kabla ya kukazwa, la sivyo hugandamana zisifunguke tena. Rangi yenye shaba inayopakwa chini ya vyombo kuzuia makombe isipakwe kamwe kwenye mguu wa alumini.

Kipande cha zinki kilichofungwa kwenye injini hufanya kazi pale tu kinapogusa metali moja kwa moja. Kukipaka rangi ni kukifanya kiwe pambo. Kinapoliwa hadi nusu, hubadilishwa. Mmiliki anayefurahi kuona zinki yake bado nzima baada ya mwaka mmoja baharini anafurahia kosa: kwa kawaida ni dalili kwamba haijaunganishwa vizuri, na kwamba kinacholiwa ni injini. Kwa maziwani hali ni tofauti kidogo, kwani huko kipande cha magnesi ndicho kinachofaa.

Mnyororo wa nanga nao hukaguliwa pete kwa pete, hasa mahali pete zinaposuguana, kwa sababu msuguano huondoa zinki na kutu huanzia hapo. Kuugeuza, ncha ya juu ikawa ya chini, hugawanya uchakavu.

Kulinda zana

Kwa fundi seremala, mjenzi wa vyombo, au mwenye nyumba mwenye sanduku dogo la zana, kanuni ni ileile: ondoa chumvi, ondoa maji, kisha zuia visirudi. Tezo, randa, patasi, msumeno au keekee kilichofanya kazi ufukweni hufutwa kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, kikakaushwa barabara, kisha kikapakwa mafuta kidogo. Kufuta kwa kitambaa kikavu peke yake hakuondoi chumvi, bali huisambaza.

Mafuta ya cherehani yanafaa sana, kwa kuwa ni mepesi na hayachachi. Mafuta ya nazi na ya kupikia husaidia kwa muda mfupi, lakini baadaye huchacha na kuwa kama gundi. Kwa zana inayohifadhiwa kwa miezi mingi, grisi au nta ni bora zaidi.

Oili chafu iliyotolewa kwenye injini za magari hutumiwa na wengi kwa sababu ni ya bure au ya bei ndogo. Oili hiyo huwa na asidi na maji yaliyotokana na kuungua kwa mafuta, mambo ambayo huchochea kutu badala ya kuizuia. Isitoshe, inapopakwa kwenye chombo huishia baharini, na mdudu au samaki anayeimeza hana wa kumtetea.

Mahali pa kuhifadhi pana uzito uleule. Sakafu ya saruji hupitisha unyevu, hivyo zana zitundikwe au ziwekwe juu ya rafu ya mbao. Kisu kisikae ndani ya ala ya ngozi kwa muda mrefu, kwa maana ngozi hushika unyevu na chumvi. Sanduku lisifungwe likiwa na zana iliyolowa ndani, kwani moja huambukiza zote.

Kutu ikishaingia

Zana iliyoshika kutu si ya kutupwa mara moja. Ikilowekwa katika siki au maji ya ndimu kwa saa kadhaa, kutu hulegea na kusuguliwa kwa brashi ya waya. Asidi iliyobaki huondolewa kwa kuosha kwa maji yenye magadi, kisha maji safi. Baada ya hapo zana hukaushwa na kupakwa mafuta papo hapo, kwa kuwa chuma kilichotoka kusafishwa hushika kutu upya ndani ya muda mfupi. Dawa za klorini za kung'arisha nguo zisitumike kusafishia chuma, na kamwe zisichanganywe na siki, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Kwa vyuma vikubwa, kama kiunzi cha boti, geti au dirisha, rangi ndiyo kinga kuu, na kosa kubwa ni kupaka rangi juu ya kutu. Rangi hiyo hupendeza kwa msimu mmoja, huku kutu ikitambaa chini yake. Utaratibu sahihi huanza kwa kuosha chumvi, kwani msasa hauiondoi. Hufuata kukwangua kutu, kukausha, kupaka rangi ya msingi yenye kinga ya kutu, na baada yake tabaka mbili za rangi ya juu. Kingo na sehemu zilizochomelewa hupakwa mara moja zaidi, kwa kuwa huko ndiko rangi hukaa nyembamba. Kazi hiyo isifanywe alfajiri wakati umande ungali juu ya chuma. Vyombo vikuukuu vilivyopakwa rangi nyekundu ya risasi visikwanguliwe vikiwa vikavu, kwa sababu vumbi lake ni sumu.

Ipo hatari nyingine inayostahili kufahamika na kila anayefanya kazi kwenye meli za chuma. Kutu inapotengenezeka hutumia oksijeni ya hewa. Katika tangi au ngama iliyofungwa kwa muda mrefu, oksijeni hiyo inaweza kupungua kiasi cha kumwangusha mtu anayeingia, bila harufu wala moshi wa kumwonya, na mara nyingi anayekimbilia kumwokoa huanguka pia. Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilitoa mwaka 2011 mapendekezo yaliyofanyiwa marekebisho kuhusu kuingia katika sehemu zilizofungwa melini: zipitishiwe hewa kwanza, hewa ipimwe, na mtu asiingie bila mwenzake wa kumwangalia nje.

Kwa jumla, hakuna chuma cha pwani kisichozeeka. Tofauti kati ya mashua inayodumu na ile inayooza, au randa inayorithiwa na ile inayotupwa, hutokana mara nyingi na nusu saa ya baada ya kazi: ndoo ya maji yasiyo na chumvi, kitambaa na mafuta kidogo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye chombo baharini, ukuta huo hauna pa kujengwa.